Mchezaji Bora Hana Kichwa

2 Machi

Kazi ya ukuta wa uwanjani nimepewa mimi. Wachora mabango wote wa mjini waliitaka, na wote ni wanaume, kwa hiyo kuanzia leo nina maadui wapya wa kutosha. Klabu yetu imejenga jukwaa jipya, na mgongo wake unaotazama barabara ni ukuta mtupu, mrefu kama nyumba ya ghorofa mbili. Hapo atachorwa mchezaji bora kuliko wote tangu klabu izaliwe. Mashabiki watapiga kura msimu mzima huu wa mvua.

Mwenyekiti wa klabu aliniuliza mara mbili kama kweli ngazi napanda mwenyewe. Nikamwuliza kama kiti chake huwa anakikalia mwenyewe.

Majina yamebaki mawili. Kuna Radi, mshambuliaji, aliyefunga mabao mpaka watu wakachoka kuyahesabu. Na kuna Komeo, beki wa kati, nahodha, aliyecheza misimu kumi na miwili bila kukosa mechi hata moja. Komeo ni baba yangu.

"Najua ni mzee wako," Mwenyekiti akasema kabla sijafungua mdomo. "Ndiyo maana tunataka uanze na mwili. Mvua haisubiri kura. Kichwa utakiweka tukishajua ni cha nani."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nichore mwili wa mtu halafu nisubiri kuambiwa ni nani.

3 Machi

Nimemwambia Baba. Tunaishi wote, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na redio yake katikati. Alikuwa anapiga pasi shati. "Mimi sishindani na mtu, mama," akasema. "Mpira niliucheza, umekwisha." Alipomaliza kola na mikono yote miwili akaniuliza kama ukuta huo unaonekana mtu akiwa kituo cha basi.

6 Machi

Mvua. Sikugusa brashi.

9 Machi

Kinyozi mwenye kibanda mkabala na ukuta ndiye mkuu wa kambi ya Radi, na kwa kuwa wembe uko mkononi mwake, wateja wake wengi hukubaliana naye. Leo nilikuwa juu ya kichanja changu nachora miraba kwa chaki, yeye huko chini anapaza sauti makusudi nisikie.

"Beki ni nani? Beki ni mtu anayezuia wenzake wasifurahi!"

Nikamjibu huko huko juu. "Komeo hakukosa mechi hata moja! Misimu kumi na miwili! Huyo Radi wako msimu mzima alikuwa ng'ambo ya reli, amevaa jezi ya wapinzani!"

"Hata nguzo za goli hazijawahi kukosa mechi," akasema Kinyozi. "Nazo tuzichore?"

Watu walicheka, nusura mmoja akatwe sikio. Niliteremka. Majibu mazuri yote yalinijia nikiwa nakosha brashi.

12 Machi

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kichanja changu alikitengeneza yeye, na leo alikuja kukaza nati. Alikuja amevaa jezi namba tisa. Ya Radi! Mtoto wa Komeo!

"Dada, kila mtu na kura yake," akasema.

"Kura yako ni ya baba yako."

"Baba ana ya kwako. Inamtosha."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Yeye akaendelea kukaza nati. Alipomaliza akasema kichanja sasa hakiyumbi, akaondoka.

Mama alifariki mimi nikiwa darasa la pili, mdogo wangu bado ananyonya. Baba alikuwa mji wa mbali kwenye fainali ya kombe. Siku ile, dakika za mwisho, aliutoa mpira kwenye mstari wa goli kwa kisigino, na mpaka leo watu wazima wenye familia zao wanauigiza ule mpira barabarani. Simu kutoka nyumbani ilimfikia kipenga cha mwisho kimeshapulizwa. Huku nyumbani walimsubiri mpaka jua linazama, ikabidi wazike. Alirudi kesho yake na kombe, akaliweka mezani, akakaa chini. Tukalelewa na Mjomba, ndugu yake Mama, kwa sababu timu ilikuwa na safari zake. Mtu aliyepatwa na mambo hayo mawili siku moja, bila kujua, leo mwanawe wa kuzaa anamvalia namba tisa. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kimevaa jezi kabisa.

15 Machi

Kiwiliwili kimekwisha. Mabega yamekaa vizuri. Namba kifuani hakuna, Mwenyekiti amekataza.

19 Machi

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jana nilimaliza miguu. Wa kulia umekanyaga chini, wa kushoto umeinuka kupiga mpira. Leo nafika nakuta watu wamejaa kama penye ajali. Kambi ya Radi wanaimba. Radi alikuwa anapiga kwa kushoto, kwa hiyo kwao mambo yameisha. "Matokeo yametoka! Mguu umesema!" Kinyozi amenyoa watu bure tangu asubuhi, na wamenyolewa kweli kama watu walionyolewa bure.

Kambi ya Baba nayo imesimama upande wa pili, kimya kama msibani. Mzee muuza magazeti, aliyekuwa akinipa peremende nikiwa mdogo, alinishika mkono machozi yakimlengalenga. "Binti wa Komeo," akaniambia, "umemuuza baba yako kwa bei gani?"

Nikapanda kichanja niwaeleze. Upande wa mguu wa kulia kuna bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka paani. Mguu hauwezi kuinukia penye bomba. Mtu akipiga mpira kuelekea huko ataonekana anapiga bomba. "Tazameni bomba!" nilipiga kelele. "Bomba hilo hapo!" Hakuna hata mmoja aliyetazama. Husemwa mwenye macho haambiwi tazama, lakini hawa walitakiwa waambiwe na kushikwa vichwa wageuzwe.

Mtu mmoja akasema bomba lenyewe lilifungwa upande huo na kamati kwa hila, tangu jukwaa linajengwa. Mwingine akasema alijua. Wakaanza kusukumana. Tope likarushwa, sijui na kambi ipi, likanipata mgongoni. Nikashuka na ndoo ya chokaa, nikamwaga yote miguuni mwa waliokuwa karibu, bila kuuliza wanampigia nani kura. Leo angalau nimewatendea haki wote sawa.

Jioni Baba alinisubiri mlangoni. Habari zilishafika.

"Mguu wa kushoto?" akauliza.

"Bomba, Baba."

Akafikiri. "Kushoto nilikuwa napiga pia," akasema. "Si mara nyingi."

20 Machi

Kamati imekaa kikao cha dharura kuhusu mguu. Nimeamriwa nifute. Miguu yote ikanyage chini, mpira usiwepo, mikono ishuke pembeni. Kwa hiyo mchezaji bora wa historia yetu sasa amesimama wima, hana mpira, hana namba, hana kichwa, kama mtu anayesubiri basi.

28 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Rangi ya soksi imetiririka mpaka kwenye viatu. Nimeyatukana mawingu kwa sauti, mama mmoja aliyekuwa anapita akamfunika mwanawe masikio.

4 Aprili

Radi alikuja ukutani. Nilimtambua kwa mwendo, maana kitambi kimemfunika vingine vyote. Nilimnyima shikamoo. Yeye akanisalimia kana kwamba nimemwamkia.

"Nimekuja kuuona mwili wangu," akasema, "au wa Komeo. Ila tumbo bapa namna hiyo sisi wote wawili tumeshalisahau."

Sikucheka. Nilitaka kucheka, sikucheka.

"Mimi nimempigia kura baba yako," akaendelea. "Mimi nilikuwa nakosa mara kumi, nafunga moja, mji mzima unaimba. Yeye akikosea mara moja tunalia wote."

"Basi si ujitoe?"

"Nikijitoa atasema nimempa. Unamjua, hapokei cha kupewa." Akatazama pale shingo inapoishia. "Siku ya mdahalo wa kambi mbili pale klabuni, kama unaweza, Daktari asipewe nafasi ya kuongea. Yule daktari wetu wa timu wa zamani. Amezeeka, anapenda kusimulia."

Nilimwuliza atasimulia nini. Akafungua mwavuli akasema mvua inakuja. Mtu anakuhonga maneno matamu halafu anaanza kukupangia nani aongee! Nimeamua Daktari ataongea. Nitamfuata mwenyewe kwake nimwalike.

10 Aprili

Baba ananyoa ndevu kila asubuhi sasa. Mtu asiyeshindana.

13 Aprili

Redio imetangaza kura za mpaka sasa. Radi yuko mbele kidogo. Baba aliizima redio, akaiwasha, akaizima tena. Chakula hakukigusa. Nilipotoa sahani akaniambia, "Watu husahau, mama. Ndivyo walivyo." Sauti yake ilinikata maini.

Miaka yote hii sijawahi kumwona Baba anataka kitu. Nguo akinunuliwa sawa, asiponunuliwa sawa. Hiki anakitaka kama mtoto anavyotaka. Nimekaa jikoni nikiwa na hasira na mji mzima, mtaa kwa mtaa, na nimeapa atakipata.

20 Aprili

Nitaandika yote leo. Nisipoandika nitavunja kitu.

Mdahalo ulifanyika ukumbi wa klabu. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka ikabidi kipaza sauti kiongezwe. Baba alikaa mstari wa mbele, koti la klabu, ndevu hakuna. Radi alikaa viti vitatu kutoka kwake. Mdogo wangu alisimama nyuma kabisa, mlangoni.

Kinyozi alianza, akasema mabao ndiyo yanayoandikwa, hakuna anayeandika mabao ambayo hayakuingia. Akapigiwa makofi mengi. Nikaenda mbele mimi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilisema washambuliaji huja na kuondoka kama wageni wa harusi, lakini nyumba inalindwa na mwenye nyumba. Nilisema, hakukosa mechi hata moja. Akiwa na homa alicheza. Kidole kimevunjika alicheza. Nilirudia tena na tena, "Hakukosa mechi hata moja," na mara ya mwisho kambi yetu ikawa inaitikia pamoja nami.

Halafu nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Na shahidi wangu ni Daktari."

Daktari aliinuliwa na watu wawili. Amekauka, lakini sauti bado ipo. Nilimshikia kipaza sauti mwenyewe.

"Mnasema hakukosa mechi," akaanza. "Ninyi hamjui hata maana yake. Siku ya fainali, asubuhi, simu ilikuja hotelini. Niliipokea mimi. Mke wa nahodha amefariki usiku."

Radi akasimama. "Daktari, hilo liache."

"Niliache kwa nini? Hoja si ndiyo hii? Nilikwenda chumbani kwao, yeye na wewe Radi mlilala chumba kimoja, hata chai hamjanywa. Nikampa habari. Nikamwambia gari lipo, dereva yupo, ukitoka sasa hivi utawahi mazishi. Mnajua alinijibu nini? Aliniuliza, 'Nani mwingine anajua?' Nikamwambia ni sisi watatu tu. Akasema, 'Basi ibaki hivyo mpaka kipenga cha mwisho.' Akaenda akacheza. Akautoa ule mpira kwenye mstari! Sasa niambieni, kuna mwingine angefanya hivyo?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda juu ya viti. Kinyozi, huyo huyo Kinyozi, alikuja mbele analia waziwazi anapiga kelele, "Nimehama! Jamani, mimi nimehama kambi!" Mvua haikusikika tena.

Nilimtazama Baba. Nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti. Alikuwa anatazama sakafu, na nikadhani atatoka, au atanitazama, au atasema huyu mzee kachanganya mambo. Watu walikuwa wanaita, "Komeo! Komeo!" Baba akasimama, akageuka kwao, akainua mkono.

Aliinua mkono!

Nakumbuka nilivyomsubiri. Nilikaa kwenye ngazi za mlangoni na sare ya shule, kwa kuwa ndiyo nguo pekee niliyokuwa nayo isiyo na kiraka. Kila gari lilipopita nilisimama. Mjomba alikuwa anatoka ananiambia, bado kidogo, yuko njiani. Hakuwa njiani. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

Na hoja ni yangu. Mimi ndiye niliyepanda juu ya kichanja tangu Machi naipigia kelele mchana kutwa kwamba hakukosa mechi hata moja. Sikuwahi kujiuliza mechi hizo zilikuwa siku gani.

21 Aprili

Sikumsalimia.

22 Aprili

Sikumsalimia. Amepika yeye. Sikula.

24 Aprili

Nilikwenda karakana kwa mdogo wangu. Alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akanipa ndoo niikalie.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mjomba aliniambia kabla hajafa. Simu ile ya asubuhi aliipiga yeye. Alitaka mtu mmoja ajue."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unampenda sana Baba." Akawa anafuta miwani kwa jezi. "Mimi Mama sikumjua hata sura. Baba nikamkosa siku Mjomba aliponiambia. Nikasema basi, mmoja wetu abaki naye."

Nilimwomba radhi kwa maneno yale ya Machi. Akasema hata hayakumbuki, naye hajui kudanganya. Halafu nikamkasirikia upya kwa kunificha, tukagombana kidogo, tukanywa chai.

30 Aprili

Komeo ameshinda, tena kwa mbali. Magari yamepiga honi mpaka jioni. Radi alipiga simu nyumbani kumpongeza Baba, kisha akaomba aongee nami. "Shikamoo," nikamwambia. Hakuniuliza kwa nini leo.

3 Mei

Mwenyekiti amenipa picha ya kuchorea uso. Imepigwa fainali ile, baada ya kipenga. Baba amebeba kombe begani, anacheka meno yote nje. Nimesema nataka nyingine. Akasema hakuna nyingine, hii ndiyo wapenzi wa klabu wanayoipenda, iko hata kwenye kalenda.

Nilipiga hesabu ya jua. Vivuli kwenye picha ni virefu. Saa ile ile sisi tulikuwa tunatupa udongo kaburini.

Nimechora miraba juu ya picha, mistari ya kushuka na ya kulala, na kila mraba una kipande cha furaha ambacho lazima nikipandishe ukutani kikiwa kikubwa mara mia. Nimeanza na kidevu.

8 Mei

Baba alikuja ukutani mara ya kwanza tangu kazi ianze. Manyunyu. Alisimama chini ya miguu yake mwenyewe, ile mikubwa ya rangi, akatazama juu. Mdomo ulikuwa umeshakamilika.

"Mama, teremka kidogo."

"Nina kazi."

"Siyo picha hiyo. Mwambie Mwenyekiti, siyo hiyo."

"Ndiyo waliyonipa. Ndiyo wanayoipenda."

Kinyozi alitoka nje na taulo begani aje asikie. Nilimtazama mara moja tu, akarudi ndani.

"Ningerudi," Baba akasema, "ningemfufua?"

"Hakuna aliyekuita uje kumfufua! Tulikuita uje!"

"Watu elfu arobaini walikuwa wananisubiri uwanjani."

"Na nyumbani tulikuwa wawili. Kura zetu hazikutosha."

Nikarudi kwenye kazi yangu. Nilikuwa natia rangi jino. Halafu akaanza kusema taratibu, ikabidi niache brashi ili nisikie.

"Nilijua nikipanda lile gari nitakuwa peke yangu na ile habari njia nzima. Uwanjani nilikuwa na kazi. Ndani ya zile dakika tisini hakuna aliyekufa. Kipenga kilipolia ndipo akafa."

"Sisi kwetu alikufa usiku. Na ule uongo wa simu?"

"Ningeingiaje ndani ya nyumba?"

Hilo nalielewa, na kulielewa kumenizidishia hasira. Ningependa awe mtu mbaya moja kwa moja. Akasema, "Basi usinichore, mama." Nikamwambia kura ni kura, ameshindana na ameshinda, na hata angenipigia magoti nisingemchora mwingine, kwa sababu mchezaji bora ni yeye. Ni kweli. Nimebishana msimu mzima na bado nasema ni kweli. Radi mwenyewe anajua. Hakuna aliyewahi kuichezea klabu hii kama yeye, nasi ndio tuliolipa gharama.

Alijifuta uso, sijui manyunyu, sijui nini. Akaondoka kwa miguu, hakusubiri basi.

14 Mei

Uso umekwisha. Mvua imekatika. Nilitaka uso utoke mbaya, mkono ukakataa. Umetoka mzuri.

18 Mei

Leo ulikuwa uzinduzi. Nilipoamka Baba alishaondoka. Alimwambia jirani atanikuta huko huko.

Nilipiga pasi blauzi, na sitajidanganya, niliipiga kwa ajili yake. Sijamsamehe. Lakini ule ukuta ni kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, nilipigwa tope kwa ajili yake, na nilitaka Baba anione mimi nimesimama pale, watu wananitazama. Nilitaka akae kwenye kiti na atazame kazi yangu mwanzo mpaka mwisho.

Kiti chake kilikuwa katikati. Kilikuwa kitupu saa ya kuanza, na kikabaki kitupu. Mwenyekiti alirefusha hotuba mpaka akawashukuru waliouza saruji. Radi alikuwa anageuka kila mara kutazama lango. Mwishowe wakaniambia nivute kamba. Pazia likaanguka, na kelele iliyopanda hapo sijawahi kuisikia kwa jambo nililolifanya mimi. Niligeuka kutazama kiti. Mtu aliyeweza kucheza siku mkewe anazikwa, ameshindwa kukaa siku binti yake anapigiwa makofi.

Mdogo wangu alinisogelea. "Alipita kwangu alfajiri kuazima jembe," akasema. "Sikumwuliza la nini."

Tulipanda pikipiki yake. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno.

Makaburini nyasi zimekuwa ndefu kwa mvua hizi, zinafika kiunoni. Tulimwona kutoka mbali. Koti la klabu amelitundika kwenye mti, mikono ya shati ameikunja, matope mpaka magotini. Alikuwa amelipalilia kaburi mpaka likang'aa, amelizungushia mawe moja moja, na sasa alikuwa amepiga goti anayasawazisha.

"Nimeona nije huku kwanza," akasema alipotuona. "Leo mpira usubiri."

Nikamlipukia. "Hata toba yako unaifanya kwa kutokuwepo! Leo aliyekuwa anakusubiri ni mimi! Mama hakusubiri leo, Mama alisubiri siku ile! Mimi niko hai, nilikuwa nimesimama pale, natazama kiti..."

Mdogo wangu alinigusa bega. Nikadhani ananituliza. Alikuwa ananionyesha mahali Baba alipopiga goti.

Hakuwa kwa Mama. Mama yuko chini kule karibu na uzio, ndani ya fremu ya chuma aliyoichomelea mdogo wangu. Kibao cha jina kilioza zamani, na sisi hatukuhitaji kibao. Hasira yangu yote ilikuwa bado ipo, lakini sikuwa tena na pa kuiweka.

"Baba," nikasema. "Siyo hapo."

Akatazama magoti yake, akatazama mawe. "Niliambiwa ni huku juu, karibu na njia."

"Ni kule chini."

"Lile la fremu?" Akanyanyuka polepole, ameshikilia mpini wa jembe. "Lile nililiona. Limepaliliwa vizuri, nikajua ni la mtu mwenye watu wake."

"Lina watu wake," mdogo wangu akasema.

Tulishuka naye. Alifika akasimama mbele ya fremu, akaliweka jembe chini. Hakuwa nahodha wa mtu yeyote. Alikuwa mzee mwenye matope.

"Maneno yote nimeshayamaliza pale juu," akatuambia. "Tangu alfajiri nasema. Nimemwambia mtu baki." Akanigeukia mimi. "Nianze upya?"

"Anza," nikamwambia.

Nikakaa kwenye nyasi, mdogo wangu akakaa pembeni yangu, tukamsubiri.